Bafle za Jukwaani Ndani ya Motokaa



Katika kitabu hiki tumezoea kufundisha habari za maji ya kuchemsha, chandarua, uji wa watoto na kunawa mikono. Leo nataka kusema habari ya neno ambalo wengi hawalihesabu kuwa neno la afya. Ni habari ya bafle.

Katika kanisa letu hapa Goma yuko kijana mmoja mwenye bidii. Si mlevi wala si mwizi, naye huimba katika kwaya. Baba yake alimwachia Toyota ndogo ya zamani. Kijana huyu alikwenda kwa mtu anayekodisha vyombo vya arusi, akanunua bafle nne zilizokwisha kutumika. Hizo si zile nyembamba za motokaa zinazouzwa dukani, bali ni za jukwaa, zilizofanywa kwa kuwaimbia watu uwanjani. Akaikata milango kwa msumeno, akafanya mbao za kuzishikilia, akazitia humo mbili mbele na mbili nyuma, na katika buti akaweka sanduku kubwa la besi pamoja na ampli yake. Kazi hii ilimchukua miezi. Haimletei hata faranga moja. Nilipomwuliza sababu, alinijibu, “Baba, ni kwa kufurahi tu.”

Basi jioni, baada ya mazoezi ya kwaya, anaifungua milango yote minne katika kiwanja cha kanisa, na vijana wanakusanyika kama nyuki. Wazee wa kanisa wakaniita. Wakaniambia, “Wewe ni mwinjilisti, tena ni muuguzi. Mwambie kwamba ni dhambi.”

Niliwajibu kwamba sitamwambia hivyo. Sijui mahali katika Maandiko ambapo furaha ya sauti imekatazwa. Daudi alicheza mbele ya sanduku la agano kwa nguvu zake zote, hata mkewe akamdharau, na aliyepata hasara katika habari ile si Daudi. Na Zaburi ya mwisho inataja matoazi, tena yenye kuvuma sana. Lakini niliwaambia wazee pia kwamba sitanyamaza. Iko hatari katika motokaa ile, nayo si ile waliyoifikiri wao.

Kwanza nataka kumpa kijana heshima yake, maana wazee walimwona kuwa mpumbavu, naye si mpumbavu hata kidogo. Sikilizeni hesabu yake. Bafle hupimwa kwa kuipa umeme wa wati 1 na kusikiliza kwa umbali wa meta 1. Bafle ya kawaida ya motokaa hutoa kama desibeli 89. Ya jukwaa hutoa kama 97. Watu huona tofauti hiyo kuwa ndogo, lakini desibeli hazihesabiwi kama viazi sokoni. Kila mara unapozidisha nguvu ya umeme mara mbili, unapata desibeli 3 tu zaidi. Basi ili bafle ya dukani ifikie sauti ya ile ya jukwaa, inataka umeme mara sita hivi. Na katika motokaa umeme ni haba. Kwa hiyo kijana alifikiri vema: badala ya kununua ampli kubwa ya bei kali, alinunua bafle isiyo na njaa.

Alijua hata kasoro zake. Bafle za jukwaa mara nyingi ni za ohmu 8, na zile za motokaa ni za ohmu 4, na kwa sababu hiyo redio inazipa karibu nusu tu ya nguvu yake. Tena zile za jukwaa zimekazwa sana, hazishuki chini kwenye besi nzito. Ndiyo maana aliongeza lile sanduku la nyuma. Haya yote alijifundisha mwenyewe. Ninawajua watu waliosoma shule miaka mingi ambao hawawezi kueleza jambo kwa unyofu kama alivyonieleza yule, ameketi juu ya tairi, mikono imejaa gundi.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho hakukitia katika hesabu, nacho ni mahali bafle ilipo. Mahali pa wazi, sauti hupungua desibeli 6 kila mara umbali unapozidishwa mara mbili. Mtu anayesimama meta 16 kutoka jukwaani anapata desibeli 24 pungufu kuliko mtu wa meta 1. Mafundi waliofanya bafle ile waliijua njia hiyo ndefu, wakaipa nguvu ya kutosha kuivuka. Katika motokaa njia hiyo haipo. Bafle iko karibu na goti lako, vioo vimefungwa, sauti haina pa kwenda, inarudi kutoka kila upande. Chombo kilichofanywa kwa kuwafikia watu mia tano kinawaimbia watu wanne.

Hesabuni pamoja nami. Redio ya motokaa inayotoa wati 16 kwa bafle ya ohmu 4 itatoa kama wati 8 kwa hii ya ohmu 8. Kutoka wati 1 hata wati 8 ni kuzidisha mara mbili, mara tatu. Yaani desibeli 9. Tisini na saba na tisa ni 106. Hiyo ni bafle moja, naye anazo nne, na bado sijataja lile sanduku la buti. Ni kweli kwamba wimbo hauendi juu sikuzote, una mahali pa kupumzika. Tukipunguza kwa ajili ya hayo tunabaki karibu na desibeli 100 ndani ya motokaa, wala kijana hajafungua sauti hata mwisho.

Sasa desibeli 100 zinafanya nini? Hapa naacha habari za mafundi, naingia katika kazi yangu.

Ndani kabisa ya sikio, nyuma ya kiwambo na nyuma ya vile vifupa vitatu vidogo, Mungu ameweka mfereji uliojikunja kama nyumba ya konokono. Umejaa maji, na ndani yake zimepangwa seli zenye vinywele vidogo mno. Sauti inapoingia, maji yanatikisika, vinywele vinainama kama majani ya mtama penye upepo, na mshipa wa fahamu unapeleka habari katika ubongo. Seli hizo ni kama 15,000 tu katika kila sikio. Tunazaliwa nazo zote. Kelele kubwa inaziinamisha mpaka zinachoka. Ikiendelea, zinavunjika na kufa. Na zikifa hazioti tena. Kuku, ndege huyu tunayemla kila Noeli, seli zake za sikio zikifa huota nyingine. Mwanadamu hakupewa hiyo. Hakuna sindano, hakuna kidonge, wala majani yanayozirudisha, hata katika hospitali kubwa za Ulaya.

Wataalamu wa afya ya kazini wameweka kipimo. Kelele ya desibeli 85 sikio linaweza kuivumilia saa 8 kwa siku. Ikizidi desibeli 3, muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa moja, 97 ni nusu saa, 100 ni robo saa. Robo saa! Kutoka Sake kuja Goma ni kama kilometa 25, na kwa msongamano wa magari tunaoujua, hakuna afikaye kwa robo saa. Hata kutoka Entrée Président mpaka Birere jioni inapita. Basi kijana wetu humaliza fungu lake la siku nzima kabla hajafika sokoni, kisha anaendelea kula fungu la kesho.

Sishangai kwamba hasikii uharibifu. Ugonjwa huu hauumi. Malaria inakuangusha, jino linakuamsha usiku, lakini seli ya sikio hufa kimya. Ishara ya kwanza ni mlio: mtu anashuka garini, mahali pametulia, lakini sikioni kuna kitu kinalia nyiii kama nyenje. Au maneno ya watu yanakuwa kama yamefungwa katika pamba. Kesho yake inapona, naye husema, “Nimezoea.” Hakuzoea. Mara nyingi baadhi ya seli zimekwisha kwenda, na zilizobaki zinafanya kazi ya wenzao.

Baada ya miaka zinapotea kwanza sauti za juu, zile za herufi s na f na t, na sauti za wanawake na watoto. Mtu kama huyo husikia vizuri kwamba mkewe anasema, ila haelewi anasema nini. Anajibu kwa hasira. Nimeona ndoa zikiugua kwa sababu hii, na mume akiamini kabisa kwamba mkewe ananong'ona kwa makusudi.

Nayajua haya kwa njia nyingine pia. Mimi mwenyewe nina mlio katika sikio la kushoto. Haukuletwa na motokaa. Uliletwa na mimbari. Kwa miaka mingi nilihubiri katika mikutano nikiwa nimesimama mkono mmoja tu kutoka kwenye bafle, kwa sababu nilipenda kuisikia sauti yangu ikirudi ikiwa kubwa. Hakuna aliyenilazimisha. Usiku hospitali inapotulia, mlio uko pamoja nami. Nimejifunza kulala nao. Kijana wetu nilimwambia neno hili kabla ya hesabu zote, nikaona kwamba ndilo lililomfanya azime redio tuzungumze.

Mwezi wa Machi 2021 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa taarifa kubwa juu ya kusikia. Lilisema kwamba ifikapo mwaka 2050 karibu watu bilioni 2.5 duniani watakuwa na upungufu wa kusikia, tena kwamba vijana zaidi ya bilioni 1 wako hatarini kwa sababu ya muziki wa sauti kubwa. Hao ni wale wa vijiti vya masikioni na simu, wa baa, wa motokaa. Na kwetu kuna jambo la kuongezea. Wako wagonjwa wanaopigwa sindano za jentamisini, na wengine waliotibiwa zamani kifua kikuu kwa sindano za streptomisini. Dawa hizo zinaweza kuumiza zile zile seli. Kwinini nayo huleta mlio. Mtu aliye katika matibabu ya namna hiyo, akiona masikio yanalia, asinyamaze, amwambie muuguzi siku ile ile. Na akikaa karibu na bafle wakati huo, anaongeza mzigo juu ya punda aliyekwisha kulemewa.

Tena nawasihi, msitie kitu sikioni kwa kutafuta kuponya mlio, wala mafuta ya moto, wala maji ya kitunguu, wala ile pini ya nywele. Kama sikio moja limeziba ghafula bila sababu, njoni upesi, maana kuna dawa inayoweza kusaidia ikianzwa mapema, nayo haisaidii sana ukingoja mwezi.

Sasa kijana aliniambia neno ambalo vijana wengi husema: “Baba, masikio ni yangu.” Ni jibu zuri kiasi chake. Angekuwa peke yake jangwani ningelifikiri zaidi. Lakini kiti cha nyuma huketi mdogo wake wa miaka mitano, ambaye hakuulizwa. Anafurahi, ni kweli, anaruka-ruka. Mtoto hufurahia pia kuchezea kisu.

Na wako wengine. Nitawaeleza usiku mmoja hapa wodini, baada ya vita vya Januari 2025 vilivyoingia katika mji wetu. Wote mliokuwapo mnakumbuka siku zile, mabomu, na mabati yaliyotikisika, na sisi sote chini sakafuni. Miezi ilikuwa imepita. Wagonjwa walikuwa wamelala. Motokaa moja ikapita nje ya ukuta, polepole kwa sababu ya mawe ya lava, na besi yake ikapiga: du, du, du. Vioo vya madirisha vikalia. Mama mmoja aliyekuwa amejifungua siku ile akashuka kitandani na mtoto wake, akaingia chini ya kitanda, na kidonda chake bado kibichi. Hakulia wala hakupiga kelele. Alijikunja tu huko chini, amemfunika mtoto kwa kifua chake. Ilituchukua muda kumtoa, na damu ilikuwa imeanza tena.

Dereva wa motokaa ile hakujua. Hakuwa mtu mbaya, labda alikuwa akirudi nyumbani kutoka arusini. Lakini besi nzito ina tabia hiyo: sauti nyembamba huzuiliwa na ukuta, besi inapita ukuta, inakuja kifuani. Katika mji mwingine ingekuwa usumbufu tu. Goma si mji mwingine. Hapa ardhi ilitetemeka siku nyingi baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, hata watu walilala nje, na mamia ya maelfu wakaukimbia mji. Mtu aliyepita hayo, kisha akapita vita, mwili wake umejifunza kuamka kabla akili haijauliza ni nini. Usimwambie azoee.

Kijana alipoisikia habari hii alinyamaza sana. Yeye naye alikuwa Goma siku zile.

Wengine watasema, mbona mnamwandama huyu mmoja, nenda Nairobi ukaone. Ni kweli. Kule matatu zile zilizopambwa sana, wanazoziita nganya, kama za njia ya Rongai, zina bafle na besi na taa na televisheni, na abiria vijana huliacha gari lililo kimya na kungoja lenye muziki. Serikali ya Kenya iliweka kanuni za kuzuia kelele mwaka 2009, na muziki ungali unapiga. Hapo pana shida kuliko ya kijana wetu, maana kondakta na dereva wako ndani ya kelele ile kutwa nzima kwa ajili ya mkate, na abiria mwenye haraka hana la kuchagua. Kijana wetu anaweza kuzima wakati wowote. Ndiyo sababu nasema naye kwa upole zaidi kuliko ningesema na mwenye basi. Kwa mwenye basi, tena hata wa hapa kwetu, ningesema wazi: unawauza watu masikio yao pamoja na tiketi.

Niseme pia neno juu ya umeme, kwa ufupi, maana tumepokea hapa watu walioungua. Ampli ya wati 600 kweli inakula ampea 50 na zaidi katika umeme wa volti 12. Altaneta ya motokaa ndogo hutoa kama ampea 60 hata 90 kwa kazi zote, pamoja na taa na injini yenyewe. Waya mwembamba ukipitishwa mzigo huo unakuwa moto, unayeyusha ngozi yake, unagusa chuma, na chini yake kuna mazulia na povu la viti. Waya uwe mnene, na fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri, si nyuma karibu na ampli. Fyuzi ikikatika imefanya kazi yake; usiifunge kwa karatasi ya kung'aa ya paketi ya sigara. Kijana wetu alikuwa na waya mzuri, lakini fyuzi aliiweka butini. Ilitengenezwa siku ile ile.

Na pia, betri ikichoka, vijana huwasha injini wakae ndani wakisikiliza. Msifanye hivyo katika ua uliofungwa au garaji. Moshi wa injini una hewa isiyo na harufu inayolaza mtu asiamke. Wala msiende kuegesha usiku katika mabonde ya upande wa Bulengo na Lac Vert kwa kutafuta mahali ambapo hakuna jirani wa kulalamika. Mazuku iko pale. Ni hewa nzito inayotoka ardhini, hukaa chini mashimoni, hasa usiku na alfajiri pasipo upepo, haionekani wala hainuki. Wenyeji wanajua, na kila mara mgeni hufa, au mbuzi. Sipendi kumfukuza kijana kutoka kanisani kwa ajili ya kelele ili aende kufa bondeni kwa ukimya.

Sasa nakuja kwa wazee wangu, nao wanisamehe.

Siku ile walipotaka nimkemee, niliwaomba jambo moja. Nikasema, ngojeni Jumapili. Katika simu yangu mna programu ya kupimia kelele. Si kipimo cha hospitali, inaweza kukosea desibeli kadhaa, lakini inaonyesha njia. Jumapili, kwaya ya pili iliposimama na gitaa na ngoma na kinanda, nilikaa kwenye benchi la akina mama wenye watoto wachanga, kwa maana bafle yetu kubwa iko hapo hapo kando. Simu ikaonyesha 102. Ibada yetu ni ya saa tatu. Karibu yangu mtoto wa wiki chache alikuwa amelala usingizi mzito, na sote tunafikiri mtoto akilala ni kwamba haimsumbui. Jioni nilikwenda katika motokaa ya kijana, nikamwambia afungue kama anavyofungua kila siku. Simu ikaonyesha 101.

Niliwaonyesha wazee tarakimu zote mbili. Mmoja alicheka, akasema kelele ya kanisa ni takatifu. Vinywele vya sikio havijui tofauti hiyo. Bwana wetu alisema habari ya kibanzi na boriti, nanyi mnaijua, sina haja ya kuirudia.

Jirani zetu wa ng'ambo ya mpaka walijifunza kwa njia ngumu. Mwaka 2018 serikali ya Rwanda ilifunga makanisa zaidi ya 700 katika Kigali, kwa habari za majengo mabaya, na kelele nazo zilitajwa. Wengi wetu Goma tulisema ni mateso. Sitaki kuhukumu neno lile lote. Lakini najiuliza, jirani asiyeamini, aliyelala baada ya kazi ya zamu ya usiku, akiamshwa saa kumi na moja alfajiri na bafle inayomtangazia upendo wa Mungu, anasikia nini? Katika Mithali, sura ya 27, mwenye hekima alikwisha kulitazama jambo hili: baraka inayopigiwa jirani kelele asubuhi mapema, jirani huihesabu kuwa laana. Eliya naye, kule mlimani, alipitiwa na upepo na tetemeko na moto, vitu vitatu ambavyo sisi wa chini ya Nyiragongo tunavijua, na Mungu hakuwa katika hivyo.

Msidhani nachukia vipaza sauti. Ebola ilipofika Goma mwezi wa Julai 2019, tulivihitaji sana kuwaambia watu wanawe mikono na wasiwafiche wagonjwa. Volkano ikitoka tena usiku, nitashukuru kwa kila bafle yenye nguvu itakayopita mitaani. Ni kwa ajili ya hayo zilifanywa, kuvuka umbali. Shauri langu kwa kijana lilikuwa la namna hiyo. Sikumwambia azivunje. Nilimwambia akitaka kufurahi ndani ya motokaa, sauti iwe kadiri ambayo aliyeketi kando yake anaweza kusema naye pasipo kupaza; ukilazimika kupiga kelele ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, umekwisha kupita 85. Atie alama ya rangi kwenye kifungo, kisha asiipite. Milango aifunike ndani kwa mpira na nguo nzito, maana kinachomfanya apandishe sauti ni kutikisika kwa mabati ya milango, na mlango uliotulia unatoa besi safi kwa sauti ndogo. Afike kwenye ukuta wa hospitali amezima. Na mdogo wake asikae nyuma muziki unapopiga.

Niliongeza kwamba zile bafle mbili za nyuma zingefaa mkutano wa nje wa kanisa, zikiwekwa juu ya vigingi virefu, juu ya vichwa vya watu, na watu wa kwanza wakiketi meta kadhaa mbali. Yeye ndiye angekuwa fundi wetu. Tunaye mtu anayejua ohmu na desibeli, nasi tulikuwa karibu kumfukuza.

Alikwenda nyumbani kufikiri. Wiki mbili baadaye aliniletea bafle mbili za nyuma, amezifunga katika kitenge cha mama yake. Zile za mbele bado ziko milangoni. Anasema ameweka alama ya rangi nyekundu, na mara mbili nimeingia katika motokaa yake pasipo kumpa habari, nikakuta mara moja iko chini ya alama na mara moja iko juu. Tulicheka. Sanduku la besi hataki kulisikia likitajwa. Tunaendelea kushindana juu yake.

Kanisani, ile bafle ya kando ya akina mama yeye mwenyewe ameipandisha ukutani na kuielekeza juu. Simu sasa inaonyesha 91 pale benchini, nayo bado ni nyingi kwa saa tatu. Bafle ya pili inangoja chuma cha kuishikilia, na wazee wamesema watatazama fedha za sanduku mwezi ujao.